Kabla ya Kwenda kwa Fundi: Namna ya Kutafuta Chanzo cha Hitilafu katika Simu, Kompyuta na Saa Janja

Simu inapokataa kupata chaji, kompyuta inapojivuta au saa janja inapoacha kuleta arifa, wakazi wengi wa Nairobi hushika njia moja kwa moja kuelekea Luthuli Avenue au Moi Avenue, ambako maduka ya vifaa vya kielektroniki na meza za mafundi zimebanana mlango hadi mlango. Mafundi hao wanaijua kazi yao, lakini kazi yao ni kurekebisha kifaa, na mara nyingi hitilafu haimo katika kifaa chenyewe: imo katika kebo, katika adapta, katika programu moja iliyosakinishwa juzi, au katika mpangilio uliobadilishwa bila mwenyewe kujua. Mwongozo huu unahusu hatua inayomtangulia fundi, yaani kutafuta chanzo. Kanuni zake ni mbili. Badilisha jambo moja moja, ili ujue ni lipi hasa lililoleta nafuu. Na uanze na lile lisilogharimu chochote na linaloweza kurudishwa lilivyokuwa. Kufuta kila kitu na kurudisha simu katika hali ya kiwandani, ambako watu wengi hukimbilia kwanza, ni hatua ya mwisho, kwa kuwa haitenguliki.

Kwa sababu hiyo hiyo, hakikisha kwamba nakala ya data yako ipo mahali pengine kabla hujagusa chochote, maadamu kifaa bado kinawaka. Akaunti ya Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, na iCloud ya Apple hutoa gigabaiti 5. Picha za familia hujaza nafasi hiyo upesi, hivyo inafaa kunakili zile muhimu kwenye kompyuta au diski ya nje pia. Watumiaji wa WhatsApp kwenye simu za Android wakumbuke kwamba nakala ya mazungumzo yao siku hizi huhesabiwa ndani ya zile gigabaiti 15. Ikiwa akaunti imejaa, nakala huacha kufanyika, na ni rahisi kutoligundua hilo hadi siku simu inapopotea.

Simu isiyopata chaji

Anza ukutani. Soketi zetu nyingi zina swichi, na swichi hiyo huzimwa na watoto, na wageni, na hata na mwenyewe anapotoka asubuhi kwa haraka. Soketi ikiwa salama, jaribu kebo nyingine kwenye adapta ile ile, kisha adapta nyingine kwenye kebo ile ile, halafu uchaji simu ya mtu mwingine kwa vifaa vyako vyote viwili. Ukifuata mpangilio huo bila kuruka hatua, utajua kosa ni la nani. Kebo ndiyo mshukiwa wa kwanza: nyaya zake hukatikia ndani, karibu na shingo ya plagi, ilhali ganda la nje linaonekana zima kabisa.

Vyote hivyo vikifanya kazi, chunguza tundu la kuchajia. Vumbi la barabarani na nyuzi za mfuko wa suruali hushindiliwa humo kila plagi inapoingizwa, hadi zinakuwa tabaka gumu chini ya tundu. Dalili yake ni plagi isiyozama hadi mwisho, inayocheza ukiigusa, au simu inayopata chaji tu ukiikunja kebo upande fulani. Zima simu, mulika tundu kwa tochi ya simu nyingine, kisha uchokoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao, ukiteremka ukutani mwa tundu na kuinua uchafu kuelekea nje. Katika tundu la Type-C kuna kiulimi chembamba katikati, usikisukume. Usitumie sindano wala pini ya nywele, maana chuma huweza kupinda miguso ya ndani, yaani vibati vidogo vinavyopitisha umeme, au kuiunganisha isivyofaa. Ikiwa kebo ya Type-C huchaji inapoingizwa upande mmoja na hukataa inapogeuzwa, basi baadhi ya miguso imechafuka au imeharibika, na usafi usipoiponya, hapo ndipo kazi ya fundi inapoanza.

Kuchaji polepole ni jambo tofauti na kutochaji. Tundu la kawaida la USB la kompyuta ya zamani hutoa takriban wati 2.5 tu, na adapta ndogo ya volti 5 na ampea 1 hutoa wati 5. Simu iliyoundwa kupokea wati 18 au 33 itachukua saa nyingi kwa chanzo cha namna hiyo, hasa ikiwa skrini inawaka na video inaendelea. Soma maandishi madogo yaliyo kwenye adapta, kwenye mstari wa umeme unaotoka. Mstari wa umeme unaoingia pia una faida: adapta yenye maandishi ya volti 100 hadi 240 inaufaa umeme wa Kenya, ambao ni volti 240.

Stima inapopotea, chomoa vifaa ukutani badala ya kuviacha vikisubiri irudi, kwa sababu msukosuko wa volti wakati wa kurudi ndio unaoua adapta na mabodi. Kipakatalishi kina betri yake ya kukikinga dhidi ya kuzimika ghafla. Kompyuta ya mezani haina, na kwa anayeitumia kazini, UPS, yaani kisanduku chenye betri kinachoendelea kuipa umeme stima inapopotea, ni kifaa cha lazima.

Betri na joto

Betri za lithiamu huchakaa hata zikitunzwa vipi, na kinachobadilika ni kasi tu. Apple hueleza kwamba betri za iPhone 14 na zilizotangulia zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko kamili 500, na kuanzia iPhone 15 mizunguko 1,000. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 iliyotumika, hata ikiwa ni nusu leo na nusu kesho. Kuiweka simu kati ya asilimia 20 na 80 kwa muda mwingi kunapunguza uchakavu, ingawa sioni sababu ya mtu kujinyima chaji kamili siku anayosafiri kwenda mashambani.

Adui mkubwa kuliko asilimia ni joto. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni ya wastani. Baridi ya Julai inayotufanya tuvae makoti mawili haiifikii nyuzi sifuri ambako simu huanza kutaabika. Hatari iko kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, chini ya mto wa kulalia simu ikiwa kwenye chaji, na kwenye kishikio cha simu cha bodaboda. Kwa waendeshaji wa bodaboda kuna jambo la ziada: mwaka 2021 Apple ilitoa tahadhari kwamba mtetemo mkali wa injini ya pikipiki, ukiendelea kwa muda mrefu, unaweza kuharibu mfumo wa kutuliza picha ndani ya kamera ya iPhone. Kamera inayotikisika au kushindwa kulenga baada ya miezi ya kazi ya bodaboda huenda ina ugonjwa huo, na hakuna mpangilio wa programu utakaoutibu. Kishikio chenye kipunguza mtetemo husaidia, na mfuko wa koti husaidia zaidi.

Simu inayozimika ghafla ikionyesha asilimia 30 huwa na betri iliyochoka, isiyoweza tena kutoa nguvu nyingi kwa mkupuo. Betri iliyovimba, inayoinua skrini au mgongo wa simu, haina mjadala: iache kuchaji, usiibonyeze, usiitoboe, na uipeleke ikabadilishwe siku hiyo hiyo.

Simu nzito, na programu inayoshukiwa

Tazama kwanza nafasi iliyobaki. Simu ambayo hifadhi yake imejaa karibu yote hukwama hata kama kichakato chake (prosesa) ni chenye nguvu, kwa sababu mfumo hukosa mahali pa kuandika faili zake za muda. Katika simu nyingi mzigo mkubwa umo ndani ya WhatsApp: video za salamu za asubuhi, mahubiri, vichekesho vilivyosambazwa katika kundi la chama na kundi la ukoo kwa wakati mmoja. Mipangilio ya WhatsApp ina sehemu ya kudhibiti hifadhi inayopanga faili kwa ukubwa. Futa kuanzia juu, kisha uzime upakuaji wa video wa moja kwa moja, jambo litakaloliokoa na bando lako.

Ikiwa nafasi ipo na simu bado inakwama, inapata joto ikiwa imetulia, au inafungua matangazo yenyewe, iwashe katika hali salama. Kwenye simu nyingi za Android unabonyeza kitufe cha kuwasha hadi menyu ya kuzima itokee, kisha unashikilia neno la kuzima mpaka uulizwe kama unataka hali salama. Katika hali hiyo programu zote ulizoongeza mwenyewe hulala, zikabaki zile zilizokuja na simu. Hitilafu ikitoweka, umepata jibu: kosa ni la mojawapo ya programu zako, na inafaa uanze kuziondoa kuanzia iliyosakinishwa mwisho, hasa iliyopakuliwa kutoka kiungo cha ujumbe badala ya duka rasmi. Hitilafu ikibaki, chunguza mfumo au maunzi, yaani sehemu za kifaa zinazoshikika.

IPhone iliyoganda kabisa huwashwa upya kwa nguvu: kuanzia iPhone 8, bonyeza na kuachilia kitufe cha kuongeza sauti, bonyeza na kuachilia cha kupunguza, kisha shikilia cha pembeni hadi nembo ionekane, bila kuachilia skrini inapozima. Hatua hiyo haifuti chochote.

Mtandao unapogoma

Alama za mtandao zikiwa kamili na kurasa zikikataa kufunguka, hakikisha kwanza kwamba bando halijaisha. Kwa laini ya Safaricom *544# hutoa jibu. Washa hali ya ndege kwa sekunde kama 10, kisha uizime, ili simu ijisajili upya kwenye mnara. Tazama kama kuna VPN, yaani programu inayopitisha mtandao wako kwenye seva nyingine, iliyosahaulika ikiwa imewashwa. Halafu tazama tarehe na saa: tovuti salama huthibitishwa kwa vyeti vyenye muda maalum, na kifaa kinachodhani tuko mwaka mwingine huvikataa vyote.

Wi-Fi ya nyumbani ina tatizo lake la Nairobi. Katika majumba ya ghorofa ya Roysambu au Pipeline, simu yako huona mitandao ya majirani kwa makumi, na yote hugombania masafa ya gigahezi 2.4, yenye njia tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Ikiwa ruta yako inatoa pia masafa ya gigahezi 5, yatumie kwa simu na kipakatalishi kilicho chumba kimoja na ruta. Masafa hayo hayapenyi kuta vizuri, jambo ambalo katika jengo la namna hiyo ni neema. Saa janja na printa nyingi hazijui ila 2.4, kwa hiyo usiyazime.

Simu iliyoingia maji

Izime, ichomoe kwenye chaji, toa laini, ifute, na uisimamishe tundu likitazama chini mahali penye hewa. Usiichaji mpaka ikauke, hata kama inaonekana nzima, kwa maana umeme ukikutana na maji ndipo kutu ya miguso inapoanza. Mchele wa Mwea uachwe jikoni: hauharakishi ukaukaji kuliko hewa, na vumbi na wanga wake huingia ndani ya matundu, Apple nayo huwataka wateja wake wasiutumie. Alama ya IP68, ya kiwango cha kuzuia vumbi na maji, ilipimwa simu ikiwa mpya, na gundi ya kuzuia maji huchakaa. Simu iliyokwisha kufunguliwa na fundi ihesabu kuwa haizuii maji tena.

Kompyuta: tambua umri wake kwanza

Vipakatalishi vingi vinavyouzwa mjini kwa bei nafuu ni vile tunavyoviita ex-UK, vilivyotumika katika ofisi za ng'ambo kisha vikasafishwa na kuuzwa tena. Ni mashine imara. Kasoro yao ya kawaida ni diski ya kuzunguka. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue sehemu ya utendaji, na utazame mistari ya kichakato, kumbukumbu na diski kompyuta inapojivuta. Diski ikikaa kwenye asilimia 100 huku kichakato kikipumzika, kuibadilisha kwa SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, kutafufua mashine kuliko jambo lingine lolote unaloweza kulilipia. Kumbukumbu ya gigabaiti 4 ikijaa kila unapofungua kivinjari, ongeza hadi 8. Kichakato kikiwa ndicho kinachojaa, tazama ni programu gani inayokitafuna kabla ya kununua chochote.

Kabla ya kutumia pesa hizo, soma jina la kichakato. Katika i5-6300U tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, maana yake kizazi cha sita. Katika i5-8250U ni kizazi cha nane. Windows 11 hutaka TPM 2.0, ambayo ni chipu ya usalama, na, kwa vichakato vya Intel, kizazi cha nane kwenda juu, ilhali msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Muuzaji akikuambia kwamba mashine ya kizazi cha sita inaendesha Windows 11, huenda anasema kweli, kwa kuwa kuna njia za kuulazimisha mfumo, ila Microsoft haitambui usakinishaji wa aina hiyo na masasisho hayana hakika. Kwa mtu anayetumia kivinjari na kuandika hati tu, Linux Mint, mfumo endeshi wa bila malipo, kwenye mashine hiyo yenye SSD ni chaguo la heshima.

Skrini ikiwa nyeusi ingawa feni inazunguka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Ctrl, Shift na B, ili kiendeshi cha picha kianze upya. Isiposaidia, mulika skrini kwa tochi ukiitazama kwa pembe. Ukiona picha hafifu, basi taa ya nyuma ya skrini ndiyo iliyokufa, wala si kompyuta. Unganisha runinga kwa kebo ya HDMI uthibitishe. Kwa kompyuta isiyowaka kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, kisha ujaribu kwa chaja peke yake.

Kompyuta ya zamani ambayo kila ikichomolewa hurudi kwenye tarehe ya miaka iliyopita, na kwa hiyo kugomewa na tovuti za benki, mara nyingi inadai betri ndogo ya mviringo iitwayo CR2032 iliyo kwenye bodi kuu. Ni betri ya volti 3 inayopatikana kwa bei ya chini, na huondolewa kwa ukucha.

Saa janja

Lalamiko kubwa ni arifa zisizofika. Chanzo chake mara nyingi kimo katika simu: mfumo wa kuokoa betri huizima programu ya saa ikiwa nyuma ya pazia, na baadhi ya simu za Android huua programu kwa ukali sana. Fungua mipangilio ya betri ya programu hiyo uiruhusu kufanya kazi bila kizuizi, kisha uthibitishe kwamba ina ruhusa ya kusoma arifa. Ikiwa saa haionekani kabisa, hakikisha haijaunganishwa bado na simu yako ya awali, na uiunganishe kupitia programu yake, si kupitia orodha ya Bluetooth.

Saa isiyopata chaji husafishwa miguso yake ya nyuma kwa pamba yenye spiriti kidogo, kwani jasho hukauka hapo likaacha tabaka. Mapigo ya moyo yakisomwa vibaya, ivae juu kidogo ya mfupa wa kifundo, ikaze kiasi cha kutoteleza. Mwanga wake wa kijani husoma damu inayopita chini ya ngozi, na chale au rangi ya tatuu huweza kuuzuia. Idadi ya hatua ichukuliwe kwa wepesi, kwa kuwa matatu inayopita barabara mbovu huweza kukuongezea hatua ukiwa umeketi. Alama ya 5ATM, ya kiwango cha saa kustahimili maji, ni ya maji baridi na tulivu, na mvuke wa bafu la maji moto ni habari nyingine.

Kuhusu saa zinazouzwa kwa ahadi ya kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi, jambo ni zito zaidi. Mwezi Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari kwa njia hiyo peke yake. Mgonjwa wa kisukari asiamue kipimo cha insulini kwa nambari iliyo kwenye mkono wake.

Ukilazimika kumwona fundi

Toa laini na kadi ya kumbukumbu kabla ya kukabidhi simu, kwa kuwa kubadilisha skrini hakuhitaji laini yako yenye M-Pesa. Nywila usiitoe, simu kadhaa za Samsung na Google Pixel zina hali ya matengenezo, inayomruhusu fundi kujaribu kifaa bila kuona picha wala ujumbe wako. Uliza bei ya skrini halisi na ya nakala, uandikiwe risiti yenye muda wa dhamana, na uombe kipuri kilichotolewa.

Usiondoke mezani kabla ya kujaribu. Buruta aikoni moja polepole hadi kila pembe ya skrini, uone kama inaachia njiani. Piga simu na uifunike sehemu ya juu kwa kiganja: skrini inapaswa kuzima. Rekodi sauti na uisikilize, piga picha kwa kamera zote, chomeka chaja, jaribu alama ya kidole. Piga *#06# na ulinganishe tarakimu 15 za IMEI, nambari ya utambulisho wa simu, na zile za kwenye kasha; ni kwa nambari hizo ndipo Kenya ilipozima simu bandia mwaka 2012.

Ikiwa badala ya kurekebisha umeamua kununua simu iliyotumika, muuzaji aondoe akaunti yake ya Google au Apple mbele yako, kisha arudishe simu katika hali ya kiwandani, na wewe uiwashe hadi mwisho kwa akaunti yako kabla ya kutuma pesa. Uliza pia kama ilinunuliwa kwa malipo ya kidogo kidogo. Simu za mpango huo hufungwa na kampuni iliyokopesha pindi malipo yakikatika, na kufungwa huko hakuondolewi kwa kuifuta simu, hata akikuahidi nani.